Printa Isiyojua Kusahau

Kuna watu wanaosema mashine haina roho. Watu hao hawajawahi kuishi na printa yangu. Ile ilikuwa na roho, tena roho ya kisirani. Siku wateja wamejaa mpaka mlangoni, siku hiyo ndiyo ilitafuna karatasi. Siku umeme umerudi baada ya kupotea, siku hiyo ndiyo ilidai wino, na wino nimeutia mwenyewe asubuhi, vidole bado vyeusi. Nikiipigia kelele, ilinyamaza na kuwasha taa yake ndogo ya rangi ya machungwa. Kijitabu chake kilisema taa hiyo ina maana nyingi, lakini ukisoma mpaka mwisho zote zilikuwa maana moja: mwite fundi. Fundi yuko wapi, kijitabu hakikusema.

Nilikuwa na sekretaria kule mtaa wa Katoyi. Sekretaria ndivyo tunavyoita hapa Goma kibanda cha kuchapa barua na kutoa picha. Changu kilikuwa cha mbao, na sakafu yake ya mbao vilevile, imeinuliwa juu ya mawe ya volkano, kwa hiyo kila lori lililopita barabarani lilitikisa meza, kompyuta na mimi mwenyewe. Vumbi jeusi liliingia kutoka kila upande. Kompyuta niliishonea kifuniko cha kitenge, na printa nayo nikaishonea cha kwake, mpaka watu wakawa wananicheka kwamba mashine zangu zinavaa vizuri kuliko mimi. Ni kweli zilivaa vizuri. Shukrani zake ndizo hizi ninazosimulia.

Kazi kubwa ilikuwa ya misiba, wala sioni haya kusema hivyo, kwa maana mtu hula alipo. Kwetu mtu akifa, familia haiwezi kumzika bila karatasi. Panawekwa picha yake, jina lake, nyimbo za misa, na nyuma ya vyote hivyo msalaba mkubwa wa rangi hafifu, ambao maandishi yanapita juu yake. Ukurasa huohuo unabandikwa kwenye kioo cha gari la mbele na kwenye ukuta wa nyumba ya kilio, ili mgeni asipotee. Mtoto wa Goma akiona sura ya mtu imekaa juu ya msalaba, hahitaji kujua kusoma. Anajua huyo amekwenda.

Programu ya printa yangu ilikuwa na kisanduku cha kuweka alama ya namna hiyo nyuma ya kila ukurasa. Unachagua msalaba, unachapa, halafu unarudi unachagua "hakuna," na mambo yanaisha. Ndivyo ilivyokuwa tangu nilipoinunua. Ijumaa moja nikachapa karatasi za mazishi ya mzee mmoja wa mtaani, nikachagua "hakuna" kama kawaida, nikafunga, nikaenda nyumbani.

Kesho yake asubuhi akaja mama mmoja kutoka Kibumba. Vita vilikuwa vimeshuka tena mpaka huko, na barabara ya Rutshuru ilikuwa imemwaga watu wake wote mjini kwetu, na magodoro yao, na mbuzi wao, na viazi ambavyo hawakupata muda wa kuvimenya. Yule mama alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Alisimama mlangoni kwanza, akaiangalia ile sakafu safi, akavua kandambili zake.

"Mama, jambo. Niko natafuta mutoto yangu," alisema. "Ku paruasi, kwa mapadri, walisema unaweza nifanyia karatasi, yenye picha yake."

Nikamuuliza kama redio imeshamtangaza, kwa kuwa siku zile redio ilikuwa ikisoma majina ya watoto waliopotea tangu asubuhi mpaka jioni.

"Redio ilimuita. Redio ilimuita sana. Lakini mutoto yangu hasikiake. Alizaliwa vile. Na kusema, hasemake."

"Sasa nyumbani mulikuwa munamuita namna gani?"

Akainua mguu wake mtupu, akaupiga sakafuni. Meza ikatikisika, printa ikalia kidogo. "Vile," alisema. "Tunapigaka muguu chini. Anasikia mu miguu yake, anageuka."

Akanieleza. Risasi zilipoanza walitoka na kila mtu. Yeye alikuwa na mchanga mgongoni na gunia kichwani, na yule binti, mwenye umri wa watoto wa komunyo ya kwanza, alishika ncha ya kitenge chake. Alinionyesha mahali pale pa ubavuni, ambapo kitambaa kilikuwa kimekunjika. Walipofika Kanyaruchinya, pale ambapo barabara hujaa mpaka mtu hawezi kuona miguu yake, akahisi kitenge kimekuwa chepesi. Akageuka, hakuna mtoto.

"Ukapiga mguu chini?" niliuliza, na mara nikaona upumbavu wa swali langu.

"Nilipiga, mama. Lakini siku ile kila mutu alikuwa anapiga muguu chini."

Alikuwa na picha moja tu, imekunjwa katikati. Binti amevaa gauni jeupe la komunyo, ameshika mshumaa, uso ameukaza kama mtu aliyeambiwa asicheke. Saa tisa alasiri makatekista, walimu wa dini wa kambi zote za wakimbizi, walikuwa wanakutana parokiani, halafu kila mmoja anarudi kambini kwake. Wakiondoka na zile karatasi, jioni hiyohiyo uso wa binti ungekuwa umefika kila kambi iliyouzunguka mji. Wakiondoka bila hizo, mama alikuwa azunguke mwenyewe kwa miguu, na mchanga mgongoni. Nikamwambia aketi, ni kazi ndogo. Ee, ulimi wangu huu.

Nikaandika maneno alivyoyasema. Kwamba hasikii. Kwamba ukimwona usimwite, piga mguu chini, atageuka. Kwamba mama yake yuko Goma, aulizwe parokiani. Picha nikaiweka juu, kubwa. Nikabonyeza. Printa ikakohoa, ikavuta, ikatoa ukurasa polepole, na kabla haujamalizika kutoka nilikuwa nimeshaona. Msalaba. Msalaba wa yule mzee wa jana, mkubwa, umemkalia mtoto kifuani, na yeye na gauni lake jeupe na mshumaa wake. Ungeapa kwamba anazikwa kesho.

Mama aliuchukua, akautazama. Hakupiga kelele. Aliulaza juu ya meza, uso chini, akaweka kiganja chake juu yake.

"Mama," alisema, "miye sikusema amekufa."

"Si mimi, mama. Ni mashine."

"Mashine inajua nini?"

"Haijui kitu."

"Basi, iutoe."

Hapo ndipo msiba wangu mwenyewe ulipoanza. Nikarudi kwenye kisanduku. Kimeandikwa "hakuna." Nikachagua "hakuna" tena, kwa kubonyeza sana, kama mtu anayerudia neno kwa mtoto mkaidi. Nikachapa: msalaba. Nikaangalia foleni ya kazi zinazosubiri kuchapwa, nikaikuta kazi ya jana bado imelala pale. Nikaifuta. Ikaandika kwamba inafutwa. Ikaendelea kuandika kwamba inafutwa, inafutwa, kama mgeni anayeaga mlangoni halafu anaketi tena. Nikazima printa. Nikazima kompyuta. Nikachomoa nyaya zote, nikapuliza vumbi, nikazirudisha. Nikawasha. Kompyuta ilichukua muda wake wote, kwa kuwa yenyewe haina mtoto aliyepotea. Nikachapa: msalaba.

Usiniambie ningempeleka kwa mwingine. Barabara nzima walikuwa wamefunga, wanasikiliza mizinga. Mashine yangu ya fotokopi ilikuwa imekufa tangu mvua za mwanzo. Na jirani yangu anayeuza makaa, ambaye hajawahi kugusa kompyuta isipokuwa kuegemea juu yake, aliingia akaangalia ule ukurasa, akatoa hukumu yake.

"Ni ule muzee wa jana. Hakutosheka. Uombee mashine."

"Mimi ninaombea watu," nilimjibu. "Mashine ninaitengeneza."

"Basi itengeneze, tuone."

 Nikachapa tena, msalaba ukatoka tena, safari hii umenyooka kuliko mwanzo, nikaipiga ile printa kofi na kusema kwa sauti yangu yote, "Sikio la kufa halisikii dawa!"

 Jirani akatazama sakafu. Nikageuka nikamwona yule mama ameketi palepale, ananyonyesha, macho yake kwangu. Ni methali ya kila siku, tunaitumia kwa mbuzi, kwa wanaume, kwa kila kitu. Lakini kulitaja sikio na kifo kwa pumzi moja mbele yake! Nilitamani ulimi uanguke hapo chini. Nikamwomba radhi. Akasema, "Sijasikia kitu, mama. Endelea," na hiyo ilinichoma zaidi kuliko kama angenitukana.

Nikampigia simu shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye anajua kompyuta vizuri na anaishi Butembo. Laini ilikuwa inakatika kila neno la tatu.

"Shemeji, ni kosa la ile programu," alisema. "Imekataa kusahau. Toa yote, uweke mupya."

"Mpya iko wapi?"

"Iko hapa kwangu. Mu CD."

"Na barabara?"

"Barabara imefungwa, shemeji. Hata gari ya maharagwe haipite."

"Basi ahsante sana, shemeji. Mungu akuzidishie."

Akacheka, halafu kabla laini haijakufa akasema jambo moja la maana: "Haiwezi kusahau, lakini pengine inaweza kubadilisha. Uipe kitu kingine pahali pa musalaba."

Dawa ya moto ni moto. Nikafungua kisanduku tena, na kweli, ndani yake mlikuwa na maneno yaliyokuja na mashine kutoka kiwandani, yote ya Kifaransa. La kwanza maana yake "siri." Nani anataka siri? Sisi tunataka mji mzima umwone. La pili lilikuwa "rasimu." Mtoto wa watu, rasimu! La tatu "nakala." Nikayatukana yote kwa zamu. Halafu nikaona chini nafasi ya kuandika neno lako mwenyewe. Nikaiacha tupu, ikakataa, ikataka kitu. Nikaweka nukta moja, nikijidhani mjanja. Ukurasa ukatoka bila msalaba. Jirani akapiga makofi. Lakini nukta ile printa iliikuza, na ikatua katikati ya paji la uso wa binti.

"Ni nzi?" mama aliuliza.

"Ni nukta."

"Inaonekana nzi. Na wewe unajua nzi wanakaaka ku nani." Hakuwa anabishana. Alikuwa anasema ukweli tu.

Saa saba ilikuwa imepita. Umeme ulififia, ukarudi, na moyo wangu nao. Nikamgeukia, nikamwambia kwa hasira ambayo haikuwa yake kuibeba, "Mama, hii mashine haikubali kunyamaza. Inataka neno, lazima. Nipe wewe neno."

Hakufikiri hata kidogo. "Andika: iko muzima."

Ndivyo tunavyosema kwetu tukitaka kusema mtu yu hai. Nikaandika kwa herufi kubwa, IKO MUZIMA, nikabonyeza, na kwa mara ya kwanza siku ile printa ikatii kama mtoto aliyelelewa na masista. Maneno yakatoka hafifu, yamelala mshazari kutoka pembe mpaka pembe, yanapita nyuma ya gauni jeupe, nyuma ya mshumaa, nyuma ya ule uso uliokazwa. Mama hakujua kusoma sana, lakini hayo aliyasoma, kwa kidole, herufi moja moja. Tukachapa nyingine na nyingine mpaka umeme ukatukata. Akazifunga ndani ya kitenge pamoja na mchanga, akashika njia ya parokia. Aliwakuta makatekista bado wanakunywa chai.

Hapo ningependa kusema mambo yaliisha vizuri. Kwanza hayakuisha kwangu. Jumatatu akaja mkurugenzi wa shule ya msingi kuchapisha mtihani wa hesabu, nikamchapia, na nyuma ya kila jumlisha na toa kulikuwa na IKO MUZIMA. "Nani iko muzima?" aliuliza. Nikamwambia mashine ni mbovu. Akaja mwenye nyumba na barua ya kumfukuza mpangaji wake, IKO MUZIMA. Wakaja bwana na bibi harusi, wao walicheka, wakasema afadhali. Nilikuwa naeleza jambo lile lile kutwa, mpaka nikachoka na sauti yangu.

Ningeweza kubadilisha, nakubali. Ningerudisha ile nukta, wateja wangezoea nzi. Jioni moja nilifika mpaka kwenye kisanduku, kipanya mkononi, nikaliona lile neno limekaa pale linasubiri, nikashindwa kulifuta. Ni mimi niliyeliandika, na kulifuta kungekuwa kulisema kinyume. Mwanamke mzima, nimesoma mpaka diploma, naogopa kisanduku! Nikajikasirikia kweli, nikafunika mashine na kitenge chake, nikaenda kupika.

Halafu ukaja msiba. Familia ya Masisi, baba yao. Hapo nilijiapiza nitarudisha msalaba, maana kuna mipaka, lakini kwa wasiwasi wa kubonyeza nikasahau, na ukurasa wa kwanza ukatoka hivyohivyo: picha ya marehemu, na nyuma yake IKO MUZIMA. Nikafumba macho kusubiri matusi. Mjane aliuchukua, akausoma, akasoma tena. "Ni vile tunasadiki," alisema, akaniomba nisiguse kitu. Baada ya hapo walikuja wengine wakiomba karatasi za mazishi "kama zile." Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Yule mama alikuwa akija kila Jumamosi, akitoka parokiani kuuliza makatekista. Habari za makatekista hakunipa, wala sikumuuliza, nilizisoma miguuni mwake anapopanda ile ngazi yangu ya mawe. Aliuliza jambo moja tu.

"Mashine ingali inasema vile?"

"Ingali, mama. Imenishinda."

"Nionyeshe."

Nami nikachapa ukurasa mtupu, usio na kitu isipokuwa yale maneno mshazari. Mtu aliyelalamikia bei ya karatasi kila siku ya Mungu, nikawa nachapa kurasa tupu! Aliukunja, akaondoka nao. Siku moja nikamuuliza anazifanyia nini. Akasema anazibandika ndani ya kibanda chake cha turubai kule kambini, upande unaoingiza baridi. "Zinazuia upepo kidogo," alisema. "Na usiku nikiamka, niko nazisoma."

Mimi nami nilishaanza wazimu wangu. Nikiwa njiani, nikiona msichana wa kimo kile amenipa mgongo, nilipiga mguu chini. Tabu ni kwamba wanaosikia nao wanageuka. Waligeuka, wakaniangalia, mama mnene aliyesimama katikati ya barabara anapiga teke ardhi, nami nikajifanya natoa kijiwe kwenye kiatu.

Barabara ya Butembo ikafunguka, na shemeji akaja kututembelea na maharagwe, jibini la Masisi alilopewa njiani, na ile CD yake. Ilikuwa Ijumaa. Nikamwacha dukani, nikaenda soko la Keshero kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kumpikia. Niliporudi nilimkuta amesimama mlangoni, meno yote nje, ameshika ukurasa kwa ncha za vidole kama mtu aliyebeba mtoto wa kubatiza. Ulikuwa mweupe. Mweupe pe, kutoka pembe mpaka pembe.

"Shemeji, nilikuletea zawadi," alisema. "Nimeiponya."

Sambaza wakaanguka. Sitarudia maneno niliyomwambia, ila nilimwambia mengi, na maskini yule kijana, aliyesafiri katikati ya wanajeshi ili kunitengenezea mashine, alidhani mwanzoni kwamba ninamshukuru.

"Rudisha," nilisema.

"Nirudishe nini?"

"Ubovu. Rudisha ubovu."

Akanipapasa paji la uso kuona kama nina malaria. Nikamweleza habari ya mama wa Kibumba, na kwamba kesho ni Jumamosi. Akaketi taratibu. Alasiri yote tukahangaika, mimi na yeye, kuharibu kitu ambacho nilikuwa nimelilia kitengenezwe. Tulizima, tukawasha. Tulichomoa waya katikati ya kazi. Tulijaza foleni tukaifuta nusu. Mashine ambayo haikuwahi kunitii siku hata moja ikawa inatii kila kitu, kurasa safi, moja baada ya nyingine, na kile kisanduku cha alama katika programu mpya hakikuwepo kabisa. Niliwahi kuichukia ile printa, lakini siyo kama siku ile.

"Shemeji," alisema mwishowe, "yaandike weye. Kwa rangi ya kufifia. Hataona."

Sikuwa na njia nyingine. Nikaandika IKO MUZIMA, herufi kubwa, kijivu cha kufifia. Kuyalaza mshazari kulinishinda, yakabaki yamenyooka kama kibao cha duka. Nikachapa moja, nikaificha chini ya kompyuta.

Kesho yake akaja. Miguu yake juu ya ngazi iliniambia habari ni zilezile. Akavua kandambili.

"Mashine ingali inasema vile?"

"Ingali," nilisema, nikampa ule ukurasa.

Aliushika, akausogeza mwangani. Kidole chake kikapita juu ya herufi moja moja, kama siku ile ya kwanza, kikafika mwisho, kikarudi mwanzo. Mtoto wake, ambaye sasa alikuwa anatambaa, alikuwa anapiga sakafu yangu kwa viganja.

"Hii si mashine," alisema. "Hii ni weye umeandika."

Nilikuwa na uongo tayari, tena mzuri, lakini haukutoka. "Ndiyo, mama. Ni mimi. Mashine walinitengenezea jana. Samahani sana."

 Mimi nilikuwa natazama ile sakafu, nasikia aibu na hasira pamoja, hasira kwa shemeji, kwa printa, kwa vita, kwa barabara ambayo haifunguki tunapoihitaji na inafunguka tusipoiomba.

"Mashine ilikuwa inasema tu," alisema. "Haikujua kitu. Weye ulinambia." Akaukunja ukurasa mara mbili. "Lakini weye unajua vita. Unajua siku mingapi zimepita. Na umeandika."

"Nimeandika, mama."

"Basi sasa tuko wawili."

Akauweka ndani ya kitenge, pale ubavuni. Halafu akaniomba nichape mwingine, nibandike mlangoni mwangu, pamoja na picha ya binti. Nikaketi, nikabonyeza. Printa iliyopona jana ikaivuta karatasi, ikaikunja, ikaitafuna, na kuwasha ile taa yake ya machungwa. Nikaitukana vizuri, nikaitoa karatasi vipande vipande, nikaweka nyingine.